Mstari wa Kwaya

Cherotich mwanangu,

Barua huanza kwa kujuliana hali, lakini hali yako naisikia kupitia ukuta. Umefunga begi, ukalifungua tena, na sasa unatafuta chaja ambayo iko hapa kwangu. Nimekaa saibani, dukani kwangu kwa kompyuta, upande wa pili wa mbao hizi hizi, nimeshusha mlango nusu ili wateja wajue nimefunga. Ningeweza kuzunguka nyumba nikuambie haya uso kwa uso. Nimejaribu tangu Jumamosi. Kila nikifika mlangoni kwako nakuuliza kama umekula, nawe unasema umekula, basi narudi.

Kesho asubuhi unakwenda Lodwar kufundisha kompyuta kwenye chuo cha ufundi. Sitakuambia habari ya maji ya kunywa wala ya neti. Shangazi yako amekwisha kusema yote, na mengine ameyarudia. Wala usiogope kwamba nitakuambia maisha hayana kitufe cha kurudisha nyuma. Maneno hayo nimeyachapisha kwenye fulana za vijana wa Chepseon mpaka yamenichosha.

Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza Jumamosi nisilijibu. Pia kwa sababu leo mchana nimekuta kijitabu cha mazishi ya mama yako juu ya kibodi yangu. Miaka yote kimekaa ndani ya Biblia yako. Biblia umeitia kwenye begi, kijitabu umekiacha. Sikuhitaji kuelezwa. Kiko mapajani mwangu hivi ninavyoandika, na ile picha ya kitambulisho niliyoikuza hadi ikapoteza macho inanitazama.

Utaona natumia kalamu, na mwandiko umekuwa wa kuku. Leo siiamini mikono yangu ikiwa juu ya mashine.

Jumamosi ulikuja kunisaidia kusafisha ile kompyuta ya zamani yenye mgongo, na kuhamisha picha zako kwenye flashi kabla haijafa kabisa. Ukasema utafute na kijitabu cha Mama, upate kukihifadhi vizuri, kwa sababu karatasi inaisha kwenye mikunjo. Hukukumbuka jina la faili. Ukaandika neno ulilolijua kwa moyo: kwaya. Mimi nilikuwa nakata picha za pasipoti za mteja, sikukuona. Nilisikia tu unacheka kidogo. Ukasema, "Baba, kumbe wamama wote wa Chepseon walikuwa wanaimba sauti ya kwanza."

Halafu nikainua macho. Ulikuwa unafungua faili moja, unaifunga, unafungua nyingine. Esta, Sara, Mama Kiptoo wa posho mill, yule mwalimu wa Londiani, na mama yako katikati yao. Kila mmoja alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa, na kila mmoja, alipoimba, hata mvua ilisubiri. Ukageuka ukaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia, "Sasa hapa, ya Mama ni gani?"

Mteja alikuwepo. Nikakuambia tutaongea. Mwanangu, mteja yule alikuwa anangoja picha nne tu za pasipoti, na mimi nilimshukuru Mungu kwamba yupo.

Ngoja nianze mbali kidogo, kwa sababu kazi hii unaijua lakini hujui ilivyoanza. Babu yako alitoka Maragoli kuja kuchuma chai ya wazungu, na alitaka nisichume. Akanipeleka Kericho mjini nikasome pakeji za kompyuta kwa likizo chache, nikarudi nikafungua chumba hiki. Vijana walipoanza kuja kujifunza, niliwaandikia maneno ukutani kwa rangi iliyobaki ya mlango: Fungua, Nakili, Kata, Bandika, Tafuta, Badilisha Zote, Hifadhi, Chapisha. Mbele ya kila neno niliweka maelezo mafupi. Wewe ulijifunzia kusoma hapo, umesimama juu ya kreti ya soda, ukifuata herufi kwa kidole. "Bandika" ulilisoma kabla ya "mama". Ulipofika darasa la nne ukaja na maneno ya mwalimu wako, tarakilishi na kiwamba, ukaniambia maneno yangu yamepitwa na wakati. Wateja walicheka sana, maana wao walikuwa wakisema kopi, pesti na sevu, na kazi ilikuwa inaenda.

Barua za kuomba kazi hazikulisha mtu. Kilichotulisha ni mazishi. Wa kwanza kuletwa kwangu alikuwa Mama Dorika, ambaye kweli alikuwa mwimbaji. Binti yake alikaa kando yangu na kunisomea mambo ya mama yake kutoka kichwani, akilia, akijifuta, akiendelea. Yeye ndiye aliyesema, "Andika: alipoimba, hata mvua ilisubiri." Niliuandika mstari ule nikausoma tena. Niliona fahari, kana kwamba umetoka kwangu.

Baadaye ikaja familia nyingine iliyofiwa na mama, na hao hawakuwa na la kusema. Unawajua watu waliofiwa: hema halijafika, gari la kutoa mwili halijapatikana, jamaa wa Nairobi wanapiga simu. Wakaniambia, fundi, wewe andika tu vizuri. Nikafungua faili ya Mama Dorika. Tafuta: Dorika. Badilisha na: Esta. Badilisha Zote. Nikarekebisha tarehe na kijiji na majina ya watoto, nikachapisha. Walinishukuru huku wakinishika mkono kwa mikono miwili. Tangu siku ile ikawa ndiyo njia yangu ya kufanya kazi. Ukiniuliza kama kuna aliyelalamika, hakuna. Nani atasimama kaburini aseme mama yake hakuwa anaimba?

Kisha akaugua mama yako. Homa ya mapafu, na sisi tukafikiri ni baridi ya Chepseon ya kawaida. Wewe hukuwa umeanza shule. Nilirudi kutoka hospitali nikiwa na viatu vyake kwenye mfuko wa plastiki, nikakukuta kwa jirani unakula viazi, ukaniuliza yuko wapi mwenye viatu. Hilo sikuwahi kukuambia, kwamba uliuliza hivyo.

Watu walijaa nyumbani. Jioni ya pili shangazi yako alikuja hapa dukani akasimama mlangoni. "Baba Cherotich, wanataka hiyo kijitabu. Andika tu kama zile zingine, watu wanangoja." Nikafungua ukurasa mpya. Nikaandika Rael Chelangat. Nikaandika mwaka aliozaliwa na kwamba alizaliwa Merigi. Kisha kile kijistari cha kuandikia kikabaki kinawaka na kuzima mbele ya macho yangu, na mimi, niliyewaandikia wafu wa soko zima, sikupata neno. Sio kwamba sikumjua. Nilimjua sana, lakini kila nilichokijua kilikuwa kidogo mno, kama vile namna alivyokunja mkono wa sweta kabla ya kukamua ng'ombe. Nilijiuliza, mtu anasomaje jambo la sweta mbele ya pasta na chifu?

Nikafungua faili ya yule mwalimu wa Londiani. Tafuta, nikaweka jina lake. Badilisha na: Rael. Nikabonyeza. Mashine haikuuliza kama ni kweli.

Hapa nataka unisikie vizuri, kwa sababu Jumamosi nilikuacha ufikiri ni haraka na huzuni tu. Haikuwa hivyo. Nilisoma kabla ya kuchapisha. Nilifika kwenye mstari wa kwaya, nikauona umebeba jina la mama yako, na mkono wangu ukaenda kwenye kitufe cha kufuta. Nikauacha.

Niliuacha kwa sababu ulikuwa mzuri. Tena kuna sababu nyingine, ambayo ndiyo imenizuia kuzunguka nyumba jioni hii. Zamani, tukitoka kanisani, wewe ukiwa mgongoni kwake, nilikuwa nimelewa sauti ya Mama Dorika. Nilimsifu njia nzima. Nikamwambia mama yako kwa mzaha, "Na wewe ungeimba hata kidogo tu." Alicheka akasema sauti yake ni ya ng'ombe, na ng'ombe hawajalalamika. Nami nikacheka. Hatukugombana hata. Ila nilipokaa mbele ya mashine na yeye yuko mochari, nilimpa ile sauti niliyokuwa nimemtakia. Nilimzika na sauti ya mtu mwingine, kwa sababu yake mwenyewe niliiona haitoshi.

Huo ndio ukweli wangu, Cherotich, na nimeuona mchungu kuuandika kuliko nilivyodhani.

Ulipojua kusoma vizuri, ulikipata kile kijitabu kwenye sanduku, nawe ukaukariri mstari ule. Mwalimu alipouliza watoto mama zao wanafanya nini, wewe ulisimama ukasema wako alikuwa anaimba na mvua inasubiri. Ulijiunga na kwaya ya watoto kwa ajili hiyo. Ulipobalehe, sauti yako ikashuka, ikawa nzito na nzuri, na mwalimu wa kwaya akakuambia, "Cherotich, kuja huku sauti ya pili, utaumia huko juu." Ulirudi nyumbani unalia kana kwamba amekufukuza kanisani. Ulisema mahali pa Mama ni sauti ya kwanza na hutatoka. Ukabaki kule juu miaka, unakwaruza koo kila Jumapili. Mimi niliketi benchi la nyuma nikikusikia unavyojivuta kuzifikia noti zile. Jumapili jioni nikakuchemshia tangawizi na asali. Nilichemsha tangawizi miaka yote hiyo badala ya kusema neno moja.

Kuna jambo lingine, na hili silisemi ili unihurumie. Baada ya Jumamosi nilijaribu kukujibu. Nilikaa nikajaribu kumkumbuka mama yako kanisani, na nilimwona vizuri kabisa: amesimama mstari wa mbele, amevaa joho la buluu lenye kola nyeupe, mdomo wazi. Hajawahi kulivaa joho lile maishani mwake. Nimeusoma mstari wangu mwenyewe mara nyingi hadi umeingia mahali pa kumbukumbu na kuifuta iliyokuwepo. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kwamba umeniuliza ya Mama ni gani, na mimi ndiye mtu pekee wa kuulizwa katika nyumba hii, na sina tena.

Kwa hiyo leo asubuhi nilimpigia Kogo, bibi yako mzaa mama, kule Merigi; zamani alikuwa akija kusali nasi. Nilimwambia yote. Unavyomjua hana haraka. Kwanza alinieleza habari ya ndama, na ya majani ya chai yaliyokataliwa kwa sababu yalilowa. Halafu akasema, "Rael aimbe saa ngapi, na mtoto analia? Si alikuwa nje. Wewe ndio ulikuwa ndani umekaa."

Hakusema kwa hasira. Aliniaga, akaniambia nikusalimie, na kwamba anakuwekea kibuyu cha maziwa ya mursik ukirudi. Nami nikabaki na simu mkononi, kwa sababu joho la buluu lilikuwa limetoweka na nikamwona.

Basi sasa nakujibu. Katika kijitabu hiki chote, ya mama yako ni jina lake, ni Merigi, na ni pale chini kabisa palipoandikwa kwamba ameacha mtoto mmoja, Cherotich. Mengine yote ni ya watu.

Yake ambayo sikuyaandika ni haya, na nayaandika jinsi yanavyokuja. Alikuwa akikunja mkono mmoja tu wa sweta, wa kulia, akikamua, na mwingine anauacha unaloa. Aliongea na ng'ombe kwa Kipsigis siku nzima na mimi kwa Kiswahili, nikamwambia siku moja namwonea ng'ombe wivu, akasema ng'ombe husikia mara ya kwanza. Mashine zangu aliziita gombiuta, na nilipomcheka aliendelea kuziita hivyo makusudi mbele ya wateja. Akitoka kuchuma chai vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani, na kwa hiyo alikataa kugusa kibodi asiichafue. Siku moja tu, mvua ilikuwa imefukuza wateja, nilimbembeleza akakaa. Aliitafuta R kwa muda mrefu. Aliandika Rael kwa kidole kimoja, akatazama skrini, kisha akaandika Cherotich chini yake, kwa sababu wewe ulikuwa tumboni na alishaamua jina, eti utazaliwa jioni ng'ombe wakirudi. Nikamwambia, je, ukizaliwa asubuhi? Akasema huwezi, yeye anakujua. Ulizaliwa jioni.

Nilimchapishia, na karatasi ile aliibandika jikoni kwa ugali wa moto, moshi ukaila. Mimi niliifunga faili bila kuihifadhi. Niliona ni maneno mawili tu.

Alipenda ukoko wa ugali na hakumpa mtu. Aliogopa radi, mwanamke aliyeweza kumshika fahali pembe. Hasira yake ilikuwa fupi na mbaya. Aliwahi kunitupia kikombe, kikampita babu yako sikio. Alipocheka alikuwa anavuta hewa ndani badala ya kuitoa, na wewe unacheka hivyo hivyo. Jumamosi ulipocheka pale kwenye kompyuta, nilikuwa nimeinama nakata picha, na kwa sekunde moja nilifikiri ni yeye.

Haya ndiyo niliyoona madogo. Leo ningetoa duka zima nipate mengine kumi.

Huko uendako utawafundisha watu kutafuta na kubadilisha. Ni kazi nzuri na ya halali, wafundishe. Mimi nitaendelea kuwaandikia watu wa Chepseon wafu wao, ila jana alikuja mzee mmoja aliyefiwa na mke, akasema andika tu kama kawaida, nikamvutia kiti. Nilimuuliza mkewe alikuwa anapenda kula nini. Alinitazama kama mwendawazimu, halafu akaongea mpaka giza likaingia, na wasifu ule umekuwa mbaya, una mambo ya mihogo na redio, na mzee ameubeba kifuani kama mtoto. Ningejua hilo mapema, wewe ungekuwa umekua na mama.

Sikuambii uache kuimba. Ukipata kwaya huko Lodwar, simama mahali ambapo koo lako halikuumizi. Hakuna nafasi ya mtu unayomlindia. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Najua kuna miaka ambayo hairudishwi kwa barua, na nyumba hii kesho itakuwa kimya kwa namna ninayostahili. Lakini usimwache mama yako juu ya kibodi yangu kwa sababu yangu. Nimefuta lile la kwaya kwa kalamu, nikakata mara mbili hadi karatasi ikatoboka kidogo. Kijitabu nakiweka pamoja na chaja yako mlangoni kwako, juu ya viatu, upate kukiona kabla hujatoka.

Pembeni mwa mstari uliofutwa nimeandika kwa mkono kile nilichokiona baada ya Kogo kukata simu. Ni Jumapili. Mimi niko ndani, nimeketi, nimefumba macho, namsikiliza Mama Dorika. Mlango uko wazi, na ningegeuza shingo tu ningeona. Nimeandika hivi:

Kwaya ilipoimba, Rael alikuwa nje chini ya ukingo wa mabati, amembeba Cherotich aliyekuwa analia, amemfunika kwa leso yake yote. Yeye mwenyewe alikuwa analowa. Mvua haikusubiri.

Baba yako